Boti ya kwenda Mtangawanda: nahodha namkubali, jaketi zile hapana

Jina la boti sitaliandika, wala la mwenyewe. Wanaotoka Lamu mjini na kushuka Mtangawanda, gati la kisiwa cha Pate, kila wiki wataijua kwa turubai lake la kijani lenye kiraka cha gunia, na kwa nahodha wake, mzee mwembamba asiyevua kofia yake ya kazi ya mkono hata kukiwa na upepo wa namna gani. Naipanda karibu kila mwisho wa juma. Mama yangu yuko Siyu, kisiwani humo humo, miguu yake imechoka, na habari ya kuhamia Lamu mjini hataki hata kuisikia. Basi mimi ndiye wa kwenda.

Niseme mapema kuwa mimi ni mjumbe wa bunge la kaunti, mmoja wa walioteuliwa kwa viti maalumu. Wenzangu wa kuchaguliwa ni 10, kila mmoja na wadi yake, kuanzia Kiunga mpaka Witu. Mimi sina wadi. Nimeona niseme hivyo kwa sababu ndani ya boti kila mtu ananijua, na huenda nikihudumiwa vizuri ni kwa ajili hiyo. Nimejitahidi kuandika yale ninayoona wakifanyiwa wote.

Kitu cha kwanza cha kusifu ni ukweli wa saa. Ukipiga simu usiku kuuliza boti itaondoka lini, huambiwi saa ya kukufurahisha. Unaambiwa maji. "Kesho mai yatajaa saa tano. Fika saa nne." Kila siku maji huchelewa kwa kiasi cha dakika 50, kwa hiyo saa ya jana si ya leo, na mgeni asiyelijua hilo hukasirika bure pale gatini. Sababu ni Mkanda, ule mlango mwembamba baina ya kisiwa cha Manda na bara, mikoko huku na huku. Maji yakipwa, boti yenye mzigo hukwama kwenye tope na kungoja mpaka maji yarudi. Njia ya pili ni kuzunguka Manda kwa nje, bahari kuu, na wakati wa kusi hakuna mama anayeitamani njia hiyo akiwa na mtoto mapajani.

Mwezi uliopita, siku za maji mafu, yale yasiyojaa sana, nilimwona nahodha akiwakatalia wafanyabiashara wawili. Walitaka apakie mifuko 10 ya simenti juu ya mchele na mabati yaliyokwisha pangwa. Aliinama akaangalia maji yalipofika kwenye ubavu wa boti, akaangalia nguzo ya gati, akasema, "Kumi haipiti Mkanda. Mitano." Wakabishana naye, wakamwongezea pesa, mmoja akamwita ami, mwingine akampandishia sauti. Yeye alikuwa anafunga kamba, hakuinua kichwa. Mifuko mitano ikabaki juu na sisi tukaondoka. Katika kazi yangu nimekaa na watu wakubwa wengi, na wachache sana nimewaona wakiikataa pesa iliyo mbele ya macho yao kwa utulivu kama ule. Kwa unahodha nampa tano kwa tano.

Safari yenyewe ni saa moja na nusu, mara nyingine mbili. Akina mama hukaa nyuma chini ya turubai, wanaume mbele juu ya mizigo. Kaeni upande wa kulia kama mnaondoka asubuhi na mna nguo safi, maana moshi wa mashine hupeperukia kushoto. Chukueni maji ya kunywa. Mikate ya mofa ninayombebea mama huifunga kwa kitambaa mara mbili na bado hufika na harufu ya dizeli, naye huila hivyo hivyo na kunishukuru.

Mkiutoka Mkanda mnaziona kreni za bandari ya Kililana, na hapo mazungumzo hubadilika. Gati la kwanza lilifunguliwa Mei 2021. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi ilikuwa imeamua wavuvi wapatao 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa ajili ya bahari waliyoipoteza. Hesabu hiyo wazee wa boti hii wanaijua kwa moyo, na kila safari kuna mmoja atakayenigeukia. "Mwanangu, wewe uko huko ndani. Hebu tuambie." Namwambia kweli: bandari ile iko chini ya serikali kuu, si kaunti. Ni jibu sahihi, na huniuma kila ninapolitoa, kwa sababu ninayempa ni mzee aliyekuwa akitega nyavu mahali ambapo leo meli hufunga gati.

Lakini kuna jambo ambalo siwezi kusema ni la wengine. Jedwali la Nne la Katiba limeweka feri na magati katika kazi za kaunti. Ndiyo maana nikipanda boti hii sipandi kama abiria tu, na ndiyo maana siwezi kunyamaza kuhusu jaketi.

Jaketi za kuokoa maisha zipo. Zimewekwa juu, chini ya turubai, zimefungwa kwenye miti ya paa kwa kamba ya nailoni ya samawati. Mara ya mwisho nilisafiri na kijana wangu wa miaka sita. Nilihesabu vichwa: watu 41, watoto wachanga sikuwahesabu. Nikahesabu jaketi: 16, zote za watu wazima. Nikasimama kumtolea mwanangu moja. Fundo lilikuwa juu ya fundo, limekauka kwa chumvi, gumu kama jiwe. Nilivunja kucha mbili. Bibi mmoja aliyekaa karibu yangu akanipa kisu chake cha kumenyea maembe, nikakata. Jaketi liliposhuka lilikuwa na vumbi la miezi, na ukanda mmoja haukuwa na kifungo.

Nilimwita kijana wa boti nikamuuliza kwa nini zimefungwa namna ile.

"Zikiachwa chini zitaibwa, Mheshimiwa. Na watu wazikalia, zachafuka."

"Na wakija wakaguzi?"

"Twawaonyesha. Zipo."

Hakunijibu kwa ujeuri. Alikuwa anasema alivyofundishwa, na hilo ndilo lililonitia uchungu zaidi. Aprili 29, 1994, kivuko cha Mtongwe kilizama kule Mombasa wakafa watu 272, karibu kabisa na nchi kavu. Nilikuwa msichana wa shule. Nakumbuka baba alivyokaa na redio barazani bila kusema neno, yeye aliyezaliwa baharini. Sisi wa visiwani tunapenda kusema tunayajua maji. Waliokuwa Mtongwe nao walikuwa watu wa pwani.

Na kuna neno linanihusu mimi. Mwaka jana nilisimama bungeni nikazungumzia usalama wa abiria wa baharini. Nilijiandaa vizuri, wenzangu waligonga meza. Jioni ile mume wangu, baada ya kula, akaniuliza taratibu, "Na wewe wavaa jaketi ukienda kwa mama?" Sikuwa navaa. Nilikuwa naona joto, naona buibui litakunjika, naona watu watasema mjumbe anaogopa maji ya kwao. Tangu jioni ile navaa. Kila nikivaa kuna wawili watatu wanaoniuliza kama zimebaki, na hapo ndipo kisu kama kile cha bibi huzunguka.

Huwa naenda Malindi pia, binti yangu anasoma huko, na tofauti ya njia hizo mbili naiona wazi. Kabla barabara ya Garsen kuja Lamu haijatiwa lami, safari ile ilikula siku nzima, na baada ya mashambulizi ya 2014 mabasi yalikwenda kwa msafara wenye askari. Leo unafika ukiwa na nguvu ya kuongea na mwanao. Wa Pate hawajaona mabadiliko ya namna hiyo. Mgonjwa wa Siyu usiku hungoja maji, kama alivyongoja bibi yangu.

Basi tathmini yangu ni hii. Nahodha mwaminifu, saa ya kweli, nauli haipandishwi hata siku za sikukuu, na mizigo haipotei. Nimewahi kusahau mkoba wenye simu nikaupata kwa mwenye duka wa Mtangawanda siku ya tatu yake. Kwa jaketi siwapi hata alama moja, na nimemwambia mwenye boti hivyo hivyo, ana kwa ana, barazani kwake, kabla ya kuandika hapa. Alinisikiliza. Alisema za watoto ni ghali na hazipatikani Lamu, nikamwambia nitamuulizia Mombasa.

Jumapili nilirudi nayo. Kamba ya samawati ilikuwa imeondolewa na jaketi zimepangwa chini ya viti, 14 kati ya 16. Mbili bado ziko juu na sikuuliza kwa nini. Za watoto hazijafika. Mwanangu nilimwacha kwa mama yake mkubwa mpaka nimpatie lake.