Codenames: mchezo wa majasusi unaonoga zaidi kwa Kiswahili

Codenames ya mbunifu wa michezo Vlaada Chvátil ilitoka 2015, na mwaka uliofuata ikatwaa tuzo ya Ujerumani ya Spiel des Jahres. Timu mbili za majasusi, nyekundu na bluu, zinagombania kadi 25 za maneno zilizopangwa tano kwa tano. Kadi ya siri, inayoonyesha kila neno ni la nani, wanaiona wakuu wawili tu, mmoja kwa kila timu: timu inayoanza ina majasusi 9, nyingine 8, wapita njia ni 7, na muuaji mmoja. Mkuu hutoa dokezo la neno moja na namba ya kadi linazozihusu, basi. Wenzake wakimgusa muuaji, wameshindwa papo hapo.

Wakuu wengi hukosea kwa kukimbilia maneno yanayoendana. Anza na muuaji. "Nazi, mbili" huwapata MBUZI na TUI vizuri sana, lakini muuaji akiwa KIFUU, umeshawamaliza wenzako. Ukishatamka, kaa kimya, hata uso usiseme kitu. Wenzako wanaruhusiwa kubahatisha mara moja zaidi ya namba uliyotaja. Nafasi hiyo waitumie kumalizia dokezo la nyuma.

Tatizo la boksi ni maneno yake 400 ya Kiingereza. LEPRECHAUN au LOCH NESS yanamwambia nini mchezaji wa Tanga? Kata manila, uandike ya kwenu, na uchague yenye maana mbili tatu: PAA, KAA, TAI, UA, MTO, KANGA, PANDA. Hapo ndipo Kiswahili kinapong'ara! Kila neno liandike mara mbili, moja likiwa limepinduliwa, ili wanaokaa upande wa pili wasome bila kupinda shingo. Kadi 40 za siri hazina maneno, kwa hiyo zinafaa lugha yoyote, na kila moja unaweza kuizungusha pande nne.

Ugomvi mkubwa utakuwa wa mzizi. Kanuni inakataza umbo lolote la neno lililo mezani, na kwetu viambishi vinazaa maumbo mengi. MPISHI akiwepo, "pika", "mapishi" na "jipikia" yote hayafai. KAA ikiwepo, "makaa" nayo haifai. Kubalianeni kabla ya kuanza: mzizi mmoja, marufuku.

Kipima muda cha mchanga kibaki ndani ya boksi mpaka mkuu azidishe kufikiri. Wachezaji wanne ndio mwanzo wa raha, sita ni bora zaidi. Mkiwa wawili, nunueni Codenames: Duet ya 2017.