Miche ya kupanda nyumbani Nyanda za Juu Kusini: ipi ya kununua, ipi ya kuacha

Mvua zikielekea ukingoni mwezi wa Aprili, si ajabu kukuta miche imeshushwa bei pembeni mwa barabara, kuanzia Mafinga mpaka Uyole. Muuzaji hataki kubaki nayo kiangazi kizima akiimwagilia maji ya ndoo. Bei hiyo isikuvute. Mche uliopandwa Aprili unaingia Juni mizizi haijashika ardhi na machipukizi bado laini, na sakitu, yaani umande unaoganda usiku wa baridi na kuunguza mimea, huanza na machipukizi. Nunua mvua za kwanza zikishalowanisha udongo, Novemba au Desemba, ili mche upate miezi sita hivi ya kujijenga kabla ya kipupwe.

Jambo la pili ni kiwanja chako. Kadiri unavyopanda juu, joto hupungua kwa takriban nyuzi 6 kila mita 1,000. Mbeya mjini ni kama mita 1,700, Njombe inakaribia 2,000, na uwanda wa Kitulo unapita 2,600. Kwa hiyo ushauri wa ndugu yako wa Kyela, mwenye maembe na kakao uani, hauna kazi Makete. Lakini hata ndani ya kijiji kimoja baridi haigawanywi sawa. Hewa baridi ni nzito. Usiku usio na mawingu wala upepo hutiririka kutoka mlimani na kutuama bondeni. Vinyungu, yaani bustani za bondeni, vinavyokupa mboga nzuri kiangazi ndivyo vinavyoua parachichi changa mwezi wa Julai. Mwenye kiwanja cha mteremkoni ana nafasi kubwa zaidi ya kuchagua kuliko jirani yake wa bondeni, hata kama wanaonana dirishani.

Sasa mpangilio wangu, kwa mtu anayetaka miti michache ya nyumbani na si shamba la biashara.

Nafasi ya kwanza: mpichi na mplamu. Najua watu watashangaa, maana siku hizi kila mtu ni parachichi tu. Lakini miti hii hupukutisha majani na kulala wakati wa baridi, na baridi hiyo inaihitaji ili ichanue vizuri. Kwa Makete, Njombe na sehemu za juu za Mbeya Vijijini, huwezi kupata mti wa matunda usio na usumbufu zaidi ya huu. Tatizo ni moja tu: maua yakiwahi kutoka, sakitu ya mwisho inaweza kuyachoma ukakosa matunda mwaka huo. Mti wenyewe hautakufa.

Nafasi ya pili: mparachichi. Ungekuwa wa kwanza kama sote tungeishi Rungwe, ambako mvua ni nyingi na mawingu hufunika usiku. Kati ya aina zake, Hass ndiyo inayotafutwa na wanunuzi wa nje, lakini kwa baridi aina ya Fuerte ni ngumu kidogo kuliko Hass. Kiwanja chako kikiwa na dalili za sakitu na unataka matunda ya kula nyumbani, chukua Fuerte bila kuona aibu. Ukipanda zote mbili ni bora zaidi, kwa sababu maua yao hufunguka kwa zamu tofauti na husaidiana katika uchavushaji.

Hapa ndipo pesa nyingi hupotelea, kwa hiyo kagua bila haraka. “Kaka, hii ni Hass ya kubebesha,” utaambiwa. Sawa, kubebesha ni kuunganisha kijiti cha aina unayoitaka juu ya shina la mche wa mbegu, kwa hiyo tafuta kovu la kubebeshea kwenye shina. Lazima lionekane, na sehemu mbili ziwe zimeungana bila ufa. Nailoni iliyofungia isiwe imekaba gome. Kovu likikosekana, huo ni mche wa mbegu, na parachichi la mbegu halifuati mama yake. Geuza kiriba, yaani mfuko wa mche, uangalie chini: mizizi ikiwa imetoboa na kuzama ardhini, itakatika ukiuondoa, ikiwa imejisokota mviringo, mche umekaa kitaluni kupita kiasi. Mrefu kupita wenzake si sifa. Bora mfupi, shina nene, na uliokwisha kutolewa kivulini wiki kadhaa ukazoea jua na baridi ya hapo hapo. Uliza pia kama kitalu kimesajiliwa TOSCI, taasisi ya serikali ya kuthibitisha ubora wa mbegu. Mwenye kitalu cha kweli hakasiriki kuulizwa.

Nafasi ya tatu: mtufaha. Unastawi Njombe na Makete, ila usinunue kwa jina la “epo” tu. Aina nyingi za Ulaya zinadai baridi ndefu kuliko tuliyonayo, utakaa na mti wa majani. Ulizia Anna, inayoridhika na baridi kidogo, na uipande karibu na Dorsett Golden ili ichavushwe. Kama huna nafasi ya miti miwili, chukua mpichi.

Kwa maua, mwaridi hauna mshindani. Baridi haiutishi na kupogolewa unapenda. Haidrenja huungua majani Julai kisha hurudi kutokea chini. Bogenvilia inapendeza Iringa mjini, ukutani panapopata jua. Kuinunua kwa ajili ya Makete ni kutupa hela, na mpapai vilevile. Uzio wa misaiprasi huvumilia baridi, lakini usiuzungushe upande wa chini wa mteremko bila kuacha mwanya. Utaizuia hewa baridi kutoka, na bustani nzima igeuke bwawa la sakitu.

Mche ukishapandwa, acha mbolea ya kukuzia kuanzia Machi, na usipogoe Juni. Vyote viwili huita machipukizi wakati mbaya. Mwagilia mapema mchana siku ambayo unaona jioni itakuwa na anga jeupe, kwa sababu udongo wenye unyevu hutunza joto la jua kuliko mkavu. Matandazo ni mazuri kwa unyevu wa kiangazi, ila yaweke umbali wa shubiri moja kutoka kwenye shina. Miche michanga ifunge nyasi kavu shinani mpaka juu ya kovu, na usiku iwekee kibanda cha nyasi au kiroba juu ya vijiti, kisigusane na majani. Asubuhi jua likishapanda, funua. Nailoni tupu iliyolala juu ya majani huyaunguza palepale inapogusa.

Majani yakiungua, kisu kikae mbali. Matawi makavu yanayakinga yaliyo chini yake, na hujui bado nini kimekufa. Subiri mpaka Septemba, kisha kwangua gome kidogo kwa ukucha: kijani maana yake lipo hai, kahawia endelea kushuka. Kata hapo kijani kinapoanza. Kwa parachichi angalia chipukizi jipya limetokea wapi. Likiwa juu ya kovu, litunze. Likiwa chini, umebaki na mparachichi wa kienyeji; huenda ukala matunda yake siku moja, lakini hayatakuwa Hass.