Mwaka mmoja natunza tarehe za marejesho ya kikoba kwa fomula za Google Sheets, uzoefu wangu

Naandika hii kwa ajili ya wenzangu mnaoshika hela za watu. Mimi ni mweka hazina wa kikoba chetu huku Mbagala, tuko watu 24, tunakutana kila Jumamosi saa kumi jioni. Miaka yote tarehe za marejesho zilikuwa kwenye kaunta buku, mtu anakopa unahesabu na vidole mwezi unaisha lini, unaandika, basi. Juni 2025 nikahamishia kila kitu kwenye Google Sheets. Kwa kifupi: ni bure, inafanya kazi, siwezi kurudi kwenye daftari, ila kuna mambo usipoyajua itakugombanisha na watu.

Kabla ya hapo tulijaribu programu moja ya simu ya vikundi, jina naliacha, ilikuwa inataka malipo kila mwezi na tarehe ya rejesho inaipanga yenyewe huwezi kuigusa. Sisi taratibu zetu ni zetu, tukaachana nayo.

Nilianza na kile kila mtu anaanza nacho, tarehe aliyochukua jumlisha 30, yaani =B2+30. Inakubali kwa sababu tarehe kwenye hizi shiti ni namba tu kwa ndani, 1 Januari 2025 kwa mfano ni 45658, siku inayofuata ni 45659, ndiyo maana ukiona tarehe imegeuka namba ya ajabu usiogope, badilisha fomati iwe tarehe inarudi. Shida ya 30 ni kwamba mwezi sio siku 30. Mkopo wa mwaka ukiupiga 30 mara 12 unapata siku 360, mwanachama umemnyang'anya siku 5, na kwenye katiba yetu imeandikwa mwezi, haijaandikwa siku 30. Ndio nikahamia EDATE, =EDATE(B2,1) maana yake tarehe hiyohiyo mwezi ujao, na kama mwezi ujao ni mfupi inashuka yenyewe, aliyechukua 31 Januari 2026 inampa 28 Februari.

Hapo kwenye 31 Januari naomba msome taratibu kwa sababu nililala saa nane usiku siku hiyo. Kwa mikopo ya miezi sita tunayolipa kidogokidogo nilikuwa nachukua rejesho la kwanza naongeza mwezi napata la pili, la pili naongeza mwezi napata la tatu, nikashangaa Machi imekuja 28 badala ya 31, Aprili 28, Mei 28, yaani ikishashuka Februari haipandi tena. Dawa yake hesabu kila rejesho kutoka siku ya mkopo, sio kutoka rejesho lililopita: =EDATE($B2,1), =EDATE($B2,2), =EDATE($B2,3) na kuendelea. Hapo Machi inarudi 31.

Kosa lingine la mwanzoni, niliweka =TODAY() kwenye tarehe ya kuchukua mkopo nikiona nimerahisisha. TODAY inabadilika kila siku. Kesho yake nimefungua, wote wamekopa leo. Tarehe ya kuchukua iandikwe kwa mkono, au kwenye kompyuta bonyeza Ctrl na nukta mkato inakuwekea tarehe ya leo isiyotembea. TODAY kazi yake ni kwenye kolamu ya hali tu, nitaifikia.

Sasa kisa kilichonifanya niandike. Kuna mama kwenye kikundi anauza chapati na maharage stendi, hajawahi kuchelewesha hela ya mtu. Alichukua laki mbili za mwezi mmoja Jumamosi tarehe 5 Julai 2025, nikaandika 5/7/2025 kama sisi wote tunavyoandika. Jumamosi iliyofuata, tarehe 12, nafungua mbele ya kikao nasoma majina, la kwake jekundu, "Amechelewa siku 35". Katibu kalamu mkononi anataka kuandika faini. Yule mama akanyamaza kwanza, halafu akasema taratibu, "Mweka hazina mwanangu, hii hela si umenitumia wewe mwenyewe Jumamosi iliyopita tumekaa hapahapa?" Akatoa simu yake ya batani akanionyesha meseji ya muamala, tarehe ipo, jina langu lipo. Watu wananiangalia, wengine wanamwangalia yeye, na kuangaliwa vile mbele za watu kama mdaiwa sugu wakati hudaiwi ni kitu kinauma jamani. Nilimwomba radhi palepale na nikamwomba tena nyumbani kwake.

Kilichotokea ni hivi. Faili langu lilikuwa limesetiwa nchi ya Marekani na mimi sikuwahi kuangalia. Wamarekani wanaanza na mwezi, kwa hiyo 5/7 yangu ikasomwa 7 Mei, rejesho likawa 7 Juni, na kutoka 7 Juni mpaka 12 Julai ni siku 35 kamili. Fomula ilikuwa sahihi, tarehe iliyolishwa ndiyo ilikuwa siyo. Kupekua faili lote nikakuta wawili waliochukua 7 Juni wamesomwa 6 Julai, hao wamepewa mwezi wa bure bila mtu kujua. Na waliochukua 14, 21 na 28 Juni walikuwa wanatoa alama ya kosa, #VALUE!, kwa sababu hakuna mwezi wa 14, shiti ikazichukua kama maneno tu, nami siku zile nikadhani nimekosea fomula nikajaza kwa mkono.

Kwa hiyo kabla hujaandika jina la mtu hata mmoja ingia File, kisha Settings, weka Locale ya nchi inayoanza na siku, mimi nimeweka Uingereza. Ukibadilisha baadaye zile zilizokwisha kusomwa vibaya hazijirekebishi, nilizirudia moja moja na meseji za muamala pembeni. Njia ya haraka ya kugundua, kama hujagusa mpangilio wa kolamu tarehe ya kweli inakaa upande wa kulia wa kisanduku, iliyogeuka maneno inakaa kushoto. Siku hizi naandika 5-Jul-2025, mwezi kwa herufi, haina utata.

Baada ya hapo nikatengeneza fomula ninayoipenda kuliko zote. Sisi hela zinapokelewa kwenye kikao cha Jumamosi, sasa rejesho likiangukia Jumanne mtu analipa lini? Zamani ilikuwa mabishano kila wiki. Tukakubaliana iwe Jumamosi inayofuata, na kama Jumamosi hiyo ni sikukuu inasogea nyingine:

=IF(B2="","",WORKDAY.INTL(EDATE(B2,C2+D2)-1,1,"1111101",Sikukuu!$A$2:$A$20))

Zile moja na sifuri ni siku za wiki kuanzia Jumatatu, moja ni siku isiyo ya kazi, sifuri ni ya kazi, kwa hiyo hapo siku ya kazi ni Jumamosi peke yake. Ile kutoa 1 ni ili kama rejesho lenyewe limeangukia Jumamosi libaki hapohapo. Kwenye shiti ya Sikukuu nimejaza tarehe zinazojulikana, Saba Saba, Nane Nane, 14 Oktoba, 9 Desemba, zile za Idi naingiza mwezi ukiandama. Alama za dola usizisahau, bila hizo ukivuta fomula kwenda chini orodha ya sikukuu inateleza nayo. Nane Nane ya 2026 ni Jumamosi, kwa hiyo mkopo wa mwezi mmoja wa tarehe 4 Julai rejesho lake linaenda 15 Agosti, sio 8. Na ile IF ya mwanzo ni kwa mistari mitupu, bila hiyo unaona tarehe za mwaka 1899 zimejaa chini.

C ni idadi ya miezi ya mkopo, D ni kolamu ya nyongeza. Mtu akiuguliwa kikao kinampa mwezi, naandika 1 pale, tarehe ya rejesho inasogea yenyewe. Usifute tarehe ya zamani uandike mpya, maana miezi mitatu mbele hakuna atakayekumbuka nani aliongezewa na nani alichelewa.

Kolamu ya hali (E ni tarehe ya rejesho inayotoka kwenye ile fomula, F naijaza mtu akilipa): =IF(B2="","",IF(F2<>"","Amelipa",IF(E2<TODAY(),"Amechelewa siku "&(TODAY()-E2),"Bado siku "&(E2-TODAY())))) na rangi nyekundu nimeiwekea sharti =AND($E2<>"",$E2<TODAY(),$F2=""). Linki ya kuangalia tu nimewapa wote, kuhariri ni mimi na katibu. Wenye simu za batani nawasomea Ijumaa kwa kuwapigia.

Rafiki yangu wa Bujumbura nilimtumia hizi fomula kama meseji zikamkatalia, Excel yake ni ya Kifaransa, kule EDATE inaitwa MOIS.DECALER, IF inaitwa SI na badala ya koma wanaweka nukta mkato. Nilipomtumia faili lenyewe likajitafsiri.

Kwenye simu kuandika fomula ndefu ni mateso, tafuta laptop ya mtu siku moja umalize, baada ya hapo simu inatosha kabisa kujaza.

Kinachonishinda bado ni anayelipa nusu. F ikishajazwa inasema amelipa, wakati ana deni la elfu sitini. Kwa sasa naacha F tupu mpaka amalize na naandika alichotoa kwenye kolamu ya maelezo, lakini hilo linamfanya aonekane mwekundu kama asiyetoa hata mia, na baada ya yaliyompata yule mama sitaki mwingine akae vile. Mwenye njia nzuri ya hili aniambie, nitaijaribu wiki hiyohiyo.