Silinda zangu zilichongwa kwa hesabu ya mezani, Nakuru

Majuzi nilipeleka bloku ya injini ya Toyota 3L ya matatu kwa karakana moja ya kuchonga silinda hapa Nakuru, pamoja na pistoni za oversaizi 0.50, yaani zilizo pana kuliko za kiwandani kwa nusu milimita. Kipenyo cha silinda ya kiwandani ni milimita 96, kwa hivyo 0.50 inaifikisha 96.5. Aliyepokea kazi mezani akaandika 97 kwenye risiti. Nikamwambia oversaizi ni ya kipenyo kizima, si ya kila upande. Hakuinua hata macho: "Wewe ni fundi ama ni kastama?"

Silinda ya kwanza ikachongwa 97. Pistoni ya 0.50 humo inabaki na pengo la nusu milimita, na pengo hilo hupimwa kwa sehemu za mia za milimita! Pistoni ingegonga kuta asubuhi injini ikiwa baridi, ringi zipitishe oili, moshi wa buluu kila ukipanda kuelekea Salgaa. Kazi hii huanza kwa kupima kila pistoni kwenye sketi, sehemu yake ya chini, kwa maikromita, ndipo silinda ichongwe kuifuata, ukibakisha kidogo cha kumalizia kwa mawe ya honi, yale ya kusugulia kuta. Pistoni zangu hazikutolewa hata kwenye karatasi.

Ikabidi zote nne ziende 97. Pistoni za 1.00 nikanunua mimi, pesa yangu. Yule wa mezani akanituliza eti sasa nina injini ya cc 2900. Wapi! Kipenyo mara kipenyo, mara 0.7854, mara stroku (mwendo wa pistoni juu hadi chini, hapa milimita 96), mara idadi ya silinda, gawa kwa 1000. Yaani 97 × 97 × 0.7854 × 96 × 4, unapata cc 2838. Ya kiwandani ni 2779. Nyongeza haifiki hata 60. Hiyo 2900 yake ameitoa kwa 98, kosa lilelile la kuongeza ile 1.00 kila upande.

Na ukiongeza kipenyo, laza gasketi ya hedi juu ya bloku kabla ya kufunga. Ukingo wake ukichungulia ndani ya silinda, utaungua.

Mtu wa mashine nimpe haki yake: silinda zimenyooka juu hadi chini, mistari ya honi imepishana vizuri. Kwa ajili yake nilitaka kutoa nyota tatu. Lakini 0.50 ingeniachia nafasi ya kuchonga tena siku za mbele, na sasa silinda zikilika ni slivu tu, yaani kuingiza bomba jipya la chuma ndani ya kila silinda. Nyota moja.