Ngumi za ridhaa au za kulipwa kwa kijana wa Unguja?

Tangu marufuku ya ngumi ilipoondolewa Zanzibar mwaka 2022, swali hili halikomi vijiweni. Kwa usalama, ridhaa ina nafuu: pambano ni raundi 3, ilhali la kulipwa hufika hata raundi 12. Kwa kipato, kulipwa ndiko kwenye fedha na jina, kama alivyolipata bondia Mtanzania Hassan Mwakinyo alipompiga Mwingereza Sam Eggington mjini Birmingham mwaka 2018. Lakini promota akiahirisha pambano, na huahirisha, nauli ya boti hadi Dar es Salaam na gharama za kambi mara nyingi humwangukia bondia mwenyewe. Mwenye kibarua cha uhakika sokoni Darajani abaki ridhaa kwanza. Aliyekomaa ulingoni, mwenye meneja asomaye mkataba mstari kwa mstari, anaweza kuvuka kwenda ngumi za kulipwa.