Parke ya vinili kwenye nyumba ya mlimani Bukavu: chini imenishinda, juu imekaa

Sebule yangu leo ina karo, yaani vigae. Parke ya vinili niliyoilipia kwa pesa ya jasho iling'olewa, sebuleni kwanza, kisha kwenye korido, na iliyobaki iko chumba cha juu tu, ambako nasema bila kusita kwamba ni sakafu nzuri. Nyumba ni moja, boksi za sebuleni na za juu ni zile zile, fundi ni yule yule. Hiyo tofauti ya chini na juu ndiyo inanifanya niandike, maana naona watu wengi mjini wanaipenda sasa hivi na hakuna anayewaambia habari ya kile kinacholala chini yake.

Kwa ambaye hajaishika mkononi: ni vipande virefu vyenye sura ya mbao, unene milimita 4 hadi 6. Hii niliyonunua mimi, katikati yake ni unga wa mawe ya chokaa uliochanganywa na plastiki, juu yake kuna picha ya mbao, na juu ya picha kuna tabaka jembamba linalozuia mikwaruzo. Vipande vinabanana kwa meno ya pembeni. Hakuna msumari wala gundi. Sakafu nzima imelala tu juu ya simenti. Ni nyepesi kubeba, haina baridi miguuni kama karo, na asubuhi za Bukavu mnazijua.

Dukani niliuliza kuhusu maji. Mwenye duka akachukua kipande, akakitumbukiza kwenye ndoo, akakitoa na kukifuta kwa kiganja. "Mama, hii haiogopi maji." Kuhusu kipande chenyewe alisema kweli: ukimwaga chai juu yake unafuta, basi. Lakini hakuniuliza nyumba iko wapi, ni ya chini au ya juu, ukuta wa nyuma unagusa udongo au la. Maji yaliyonitesa hayakutoka juu.

Nyumba yetu iko Muhungu, na imejengwa kama nyumba nyingi za mji huu: mlima umechimbwa, pakasawazishwa, ukuta wa nyuma ukasimama karibu kabisa na udongo uliokatwa. Mvua hapa inaanza Septemba na haiachi vizuri mpaka Mei. Maji yanashuka ndani ya ule udongo polepole, yanakuta msingi, yanaingia chini ya sakafu. Simenti si kitu kikavu kama inavyoonekana. Ina vitundu vidogo sana vinavyovuta unyevu kutoka ardhini na kuupandisha juu, hata kama ilimwagwa miaka mingi iliyopita. Zamani, sakafu ikiwa wazi, ule unyevu ulikuwa unatoka na kupotea hewani bila sisi kujua. Tulipofunika kwa plastiki, ukakosa njia.

Tuliitandika wakati wa kiangazi, na kiangazi chote mambo yalikuwa safi. Mvua ziliporudi ndipo ikaanza harufu, ya nguo zilizosahauliwa kwenye beseni. Tukasafisha pazia, tukahamisha viti, tukadhani ni panya amekufa mahali. Mwishowe nikamwomba mdogo wangu ang'oe plinti, ule ukingo unaofunika pale sakafu inapokutana na ukuta, upande wa mlimani na ainue kipande cha kwanza. Chini yake palikuwa na matone, yamejipanga kama jasho. Kile kitandiko cha sponji kilichokuja pamoja na parke kilikuwa kimeshiba maji na kimeota madoa meusi ya ukungu yenye nywele. Juu ya simenti kulikuwa na unga mweupe, chumvi inayoachwa na maji yanapopanda. Nilipitisha kidole, ukabaki kwenye ngozi. Na kipande chenyewe cha vinili? Nilikifuta, kikang'aa kama siku ya dukani. Ndiyo maana ilituchukua muda mrefu kujua: juu sakafu inakuonyesha uso mzuri huku chini inaoza.

Nyumbani tuna mtoto mwenye pumu. Ukungu na pumu haviishi chumba kimoja. Kwa hiyo kwangu suala halikuwa uzuri tena, na siku hiyo hiyo tulianza kung'oa.

Korido ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu pale fundi alishauri aina nyembamba ya kubandika kwa gundi, akisema inakanyagwa sana. Unyevu unaotoka kwenye simenti unapanda na magadi ya simenti yenyewe, na gundi nyingi haziwezi magadi hayo. Gundi yetu ililainika ikawa uji, ukikanyaga inatoka kwenye maungio. Vile vya kubanana angalau unaweza kuvifungua, ukaviosha, ukavitumia tena mahali pengine. Vya gundi vilitupwa vyote. Nyumba ya chini hapa Bukavu, mtu akikuletea habari ya kubandika vinili kwa gundi, mkatalie.

Kulikuwa na tatizo jingine ambalo halina uhusiano na maji. Dirisha letu kubwa linapokea jua la mchana kuanzia saa nane. Nje Bukavu si joto, tuko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, lakini jua linalopita kwenye kioo na kutua juu ya sakafu ya rangi ya kahawa iliyoiva linachoma kweli. Vinili ikipata joto inatanuka. Inatakiwa iachiwe nafasi kandokando ya kuta zote, milimita 6 hadi 10, halafu plinti inafunika hiyo nafasi bila kuibana. Fundi alisukuma vipande mpaka vikagusa ukuta, akapiga plinti za simenti juu yake. Upande wa pili tukaweka kabati la vyombo, zito, limejaa. Sakafu ikakosa pa kwenda, ikainuka katikati kwenye maungio mawili, ukigonga kwa kifundo cha kidole unasikia utupu.

Na meno yalivunjika pia. Simenti yetu ilikuwa na bonde karibu na mlango; macho hayalioni, lakini ukilaza ubao mrefu ulionyooka au pimamaji unaona mwanga unapita chini. Kiasi kinachovumilika kwa parke hizi ni kama milimita 5 katika urefu wa mita 3, na nyingine zinataka chini ya hapo. Kila aliyepita mlangoni alikuwa anabonyeza kipande kikashuka na kupanda, tak, tak, mpaka ulimi wa plastiki ukakatika. Ulimi ukishakatika hakuna dawa. Fundi wetu ni mzuri sana wa karo, na karo zinasamehe bonde kwa sababu unaongeza simenti chini. Parke haisamehi, na hakuna aliyemfundisha hivyo.

Niliporudi dukani, mwenye duka alisema kosa ni la fundi. Fundi akasema kosa ni la bidhaa, hizi za siku hizi hazina nguvu. Ndani ya boksi kulikuwa na karatasi ya Kiingereza na Kichina, hakuna Kiswahili, hakuna hata Kifaransa. Binti wa jirani anayesoma Kiingereza alitusomea: dhamana haihusu unyevu unaotoka chini ya sakafu, na kabla ya kutandika lazima simenti ipimwe. Lazima, imeandikwa hivyo. Inaniuma kwamba onyo lilikuwepo tangu kiwandani, likasafiri mpaka Bukavu, likauzwa pamoja na boksi, na hapakuwa na mtu wa kulitamka. Anayeuza bidhaa kwenye mji wa milima kama huu ana wajibu wa kuuliza maswali mawili matatu kabla ya kupokea dola za mtu.

Kupima kwenyewe hakugharimu kitu. Unakata karatasi ngumu ya plastiki, kama nusu mita kila upande, unailaza juu ya simenti tupu na kuziba kingo zote kwa skochi pana. Unaiacha usiku kucha na zaidi, saa 16 angalau. Ukiinua ukakuta matone chini ya plastiki, au simenti imegeuka rangi ikawa nyeusi kidogo, hapo hapafai vinili. Fanya kipimo hiki wakati wa mvua, mwezi wa Novemba au Aprili, na upande wa mlimani. Ukipima Julai sakafu itakupa jibu la Julai.

Tulichofanya: tumechimba mfereji nyuma ya nyumba, chini kuliko usawa wa sakafu, tukaweka bomba lenye matundu na kokoto, maji yaelekezwe pembeni hadi kwenye mtaro wa barabara, si kwa jirani wa chini. Hilo la jirani nalisisitiza, maana mlimani maji unayoyafukuza yana nyumba ya mtu yanakokwenda. Unyevu umepungua sana, haujaisha. Ndiyo maana sebuleni na kwenye korido nimeweka karo: zenyewe haziozi, na unyevu kidogo unapita kwenye maungio yake.

Vipande vizima tulivisugua kwa sabuni, tukavianika kivulini, tukapanda navyo juu. Kule chini yake ni zege linalopitiwa na hewa pande zote mbili, halina udongo. Tulisawazisha kwanza kwa simenti laini, tukaacha nafasi kuta zote, tukapiga plinti za mbao zinazoshikwa na ukuta peke yake. Mvua za msimu mzima zimepita, haina harufu, haina mlio, watoto wanacheza juu yake kwa tumbo.

Matunzo yake yana masharti. Usimwage ndoo ya maji na kuyasukuma kwa rakleti kama tulivyozoea. Maji yataingia kwenye zile nafasi za pembeni, tumia kitambaa kilichokamuliwa. Mbabula isipite humo: kaa moja la makala lilidondoka tukiwa tunahamisha moto, likaacha shimo jeusi lenye ukubwa wa kizibo. Zulia lenye mpira chini linaacha doa la manjano lisilotoka, weka la kitambaa. Na miguu ya viti uivishe vipande vya blanketi, kwa sababu lile tabaka la juu kwenye bidhaa nyingi za nyumbani ni kama milimita 0.3 tu, na mchanga wetu wa barabarani unalikwangua upesi.