Mapambo ya asili kwa kila msimu: nini cha kununua kwanza, nini cha kuacha dukani

Wengi wetu tunapamba nyumba kwa kufuata picha. Tunaona sebule nzuri yenye gogo pembeni, vasi la manyasi makavu na zulia la juti, tunatafuta vitu vilevile na tunavinunua kwa mkupuo. Kisha msimu unageuka. Manyasi yananyonya unyevu na kushika ukungu, zulia linatoa harufu, na chini ya gogo kunaonekana unga laini ambao haukuwepo jana. Kitu cha asili kinaendelea kuitikia hali ya hewa hata kikiwa ndani ya nyumba: kinavimba, kinasinyaa, kinapauka juani.

Kwa hiyo orodha hii nimeipanga kwa kipimo kimoja: msimu ukibadilika, kitu hiki kitabaki na hali gani, na kitakudai kazi kiasi gani? Uzuri wa kwenye picha nimeuweka pembeni. Ninachoshauri ni kutumia fedha nyingi kwenye vitu vichache vya kudumu, yaani chungu, kikapu, vasi na zulia, na fedha kidogo sana kwenye vitu vya msimu vitakavyoingia humo.

1. Mmea hai wa majani

Nauweka wa kwanza bila kusita, kwa sababu ndio pambo pekee linaloendelea kukua lenyewe. Mwanga ukiongezeka unatoa majani mapya, mwanga ukipungua unatulia, nawe unaona mwaka unavyokwenda bila kununua kitu kingine.

Kabla ya kuchagua mmea, chagua mahali. Simama pale unapotaka kuuweka saa za mchana, uzime taa, ujaribu kusoma kitabu. Ukisoma kwa shida, mimea ya kufikiria ni sansevieria na Zamioculcas. Sansevieria, ambayo wataalamu wa mimea sasa wanaiweka kwenye kundi la Dracaena, ina majani manene yanayotunza maji. Zamioculcas ina viazi chini ya udongo vinavyofanya kazi hiyohiyo. Yote miwili husahauliwa bila kumwagiliwa kwa wiki kadhaa ikabaki imesimama, ingawa gizani haitakua kwa kasi. Ukisoma bila shida ila jua halipigi moja kwa moja, pothosi, mmea wa kutambaa, itafurahi hapo, na monstera, yenye majani makubwa yaliyochanika, pia kama una nafasi, maana monstera hutanuka kuliko watu wanavyotarajia wanapoiona ikiwa ndogo kitaluni.

Dukani usikubali kuangalia mmea kwa mbele tu. Uinue, geuza majani, tazama pale jani linapoungana na shina. Ukiona vipamba vidogo vyeupe, hao ni vidung'ata, na watahamia kwenye mimea yako mingine. Utando mwembamba kama wa buibui chini ya majani yenye vidoa vya kupauka ni dalili ya utitiri. Shika shina karibu na udongo na ulibonyeze taratibu: likiwa laini, mizizi imeshaanza kuoza hata kama majani ya juu bado yanang'aa. Nusa udongo pia. Udongo mzima una harufu ya ardhi, uliooza una uvundo. Mwisho, tazama chini ya chungu. Mizizi michache inayochungulia kwenye tundu si tatizo, lakini ikiwa imezunguka na kujisokota hadi imeziba tundu, utalazimika kuuhamishia chungu kikubwa mara moja, na hiyo ni gharama ya kuhesabu kabla hujalipa.

Chungu chenyewe kina uzito kuliko watu wanavyodhani. Lazima kiwe na tundu chini. Chungu cha udongo wa kufinyanga kisichopakwa kitu kinapumua na kukauka haraka, kwa hiyo kinamfaa mtu mwenye mkono mwepesi wa kumwagilia na kinasaidia sana msimu wa unyevu. Cha plastiki au kilichong'arishwa kinatunza maji, kinamfaa msahaulifu na nyumba yenye kiyoyozi au hita inayokausha hewa. Ukipenda chungu kizuri kisicho na tundu, kitumie kama vazi la nje tu, mmea ubaki kwenye kikopo chake chenye matundu ndani yake, na umwage maji yanayotuama.

Mimea mingi ya ndani hufa kwa maji mengi, na hasa msimu wa baridi au wa mawingu mengi. Mwanga umepungua, mmea umepunguza kunywa, lakini mwenye nyumba anaendelea na ratiba ileile ya kiangazi. Achana na ratiba. Chomeka kidole kwenye udongo. Kama bado kuna ubichi, subiri.

Mambo matatu ambayo muuzaji huenda asikwambie. Pothosi, monstera na Zamioculcas zina chembe za kalisi oksaleti zinazochoma mdomo na koo zikitafunwa, na sansevieria huwadhuru paka na mbwa wakiila, kwa hiyo mwenye mtoto anayetambaa au mnyama wa ndani aziweke juu. Pili, kile kinachouzwa kama mwanzi wa bahati si mwanzi kabisa. Ni Dracaena sanderiana, na utunzwe hivyo. Tatu, usilipe zaidi kwa sababu umeambiwa mmea unasafisha hewa. Madai hayo yanatokana na utafiti wa NASA, shirika la anga la Marekani, wa mwaka 1989 uliofanyika ndani ya visanduku vilivyofungwa kabisa. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2019 yalikadiria kuwa ungehitaji kati ya mimea 10 na 1,000 kwa kila mita moja ya mraba ya sakafu ili kufikia kazi inayofanywa na hewa ya kawaida inayoingia na kutoka ndani ya jengo. Nunua mmea kwa sababu unaupenda. Sababu hiyo inatosha.

Kama fedha ni kidogo, omba kipande cha pothosi kwa mtu mwenye nayo. Kata chini kidogo ya kifundo, weka kwenye glasi ya maji ili kifundo kizame, na ndani ya wiki chache mizizi itatoka.

2. Vikapu, mazulia na vitambaa vya nyuzi

Hapa ndipo fedha yako inapokaa muda mrefu. Kikapu kizuri kinavaa kazi tofauti kila msimu: leo kinaficha chungu cha plastiki, kesho kinashika mablanketi, baadaye kinajazwa matawi makavu.

Jifunze kutofautisha nyuzi kwa mkono. Juti ni laini, inapendeza kukanyaga, lakini inamwaga vumbi na inapungua nguvu ikilowa, kwa hiyo iweke chumbani au sebuleni na kamwe si karibu na mlango wa nje. Katani ni ngumu, inakwaruza nyayo kidogo, inavumilia njia yenye watu wengi, ila nayo hushika alama za maji. Henzirani ndiyo ninayoipendelea kwa viti na vikapu vikubwa, mradi isikae jirani na hita: ikikauka kupita kiasi inapasuka. Kuifuta mara mojamoja kwa kitambaa chenye unyevu msimu wa ukavu kunasaidia.

Ukinunua kikapu, kiweke sakafuni uone kama kinayumba. Bonyeza kingo kwa vidole; kilichosukwa vizuri kinarudi umbo lake bila kulia. Pitisha kiganja ndani, kwa sababu ncha zisizofichwa zitachana kila kitambaa utakachoweka humo. Kama unakusudia kuweka chungu, weka kisahani kwanza, la sivyo kitako kitaoza msimu mmoja.

Vitambaa ndiyo njia ya haraka kuliko zote ya kubadili msimu ndani ya nyumba. Foronya za mito na mapazia ya kitani au pamba nyepesi wakati wa joto; sufu na pamba nzito wakati wa baridi. Sufu ikihifadhiwa ioshwe kwanza, maana viwavi wa nondo huvutwa na jasho na mabaki ya chakula yaliyoganda kwenye nyuzi, kisha ifungwe kwenye mfuko usiopitisha wadudu.

3. Matawi makavu, maua makavu na koni za misonobari

Gharama ndogo, sura kubwa, na mengi unaweza kuyaokota au kuyakausha mwenyewe. Funga maua mabichi kwenye vishada vidogo, yaning'inize kichwa chini mahali pakavu, penye giza na hewa inayopita, kwa wiki mbili hadi tatu. Giza ndilo linalotunza rangi. Maua ya Limonium na Helichrysum hukauka zikibaki karibu kama zilivyokuwa, kwa hiyo anza na hizo.

Ukinunua yaliyokwisha kaushwa, litikise shada juu ya kiganja. Machache yataanguka, hilo ni kawaida. Yakimwagika kama pumba, yamezeeka. Rangi kali sana kwa kawaida ni ya kutiwa, na inaweza kuhamia kwenye ukuta mweupe au kitambaa. Manyoya ya Cortaderia, yale manyasi marefu yenye mikia laini, kagua kama mkia umefunguka wote na mbegu zinapeperuka. Mmea huo ni mvamizi katika nchi kadhaa, kwa hiyo usitupe mikia mikuukuu nje kwenye udongo. Iingize kwenye mfuko wa taka.

Nunua vitu hivi msimu wa ukavu unapoanza, si wakati wa mvua. Hewa ikiwa na unyevu mwingi shina kavu hunyonya maji tena, hulegea, kisha ukungu huja. Bafuni na jikoni usiviweke kabisa, na mshumaa uwe mbali, kwa maana hivi ni kuni tu zilizopangwa vizuri.

Koni za misonobari nazipenda kwa sababu nyingine. Magamba yake yana tabaka mbili, na la nje hutanuka zaidi likipata unyevu, kwa hiyo koni hujifunga hewa ikiwa na unyevu na hufunguka ikikauka. Ziweke kwenye bakuli karibu na dirisha na utaziona zikibadilika pamoja na hali ya hewa. Ukiziokota porini, zikaushe vizuri na uzikague wadudu kabla ya kuziingiza ndani.

4. Mbao, magogo na vipande vya miti

Mbao ingeshika nafasi ya juu zaidi kama isingekuwa bungua. Kagua matundu madogo ya duara, ya milimita moja hadi tatu. Tundu peke yake linaweza kuwa la zamani. Linaloogopesha ni unga: gonga gogo juu ya karatasi nyeupe, na ukiona unga mpya wa rangi ya krimu umeanguka, liache hapohapo, hata kama muuzaji anasema limepigwa dawa.

Ulizia pia limekaushwa kwa muda gani. Mbao mbichi inapopoteza maji husinyaa, na hapo nyufa hutokea. Kwenye meza ya nje ufa unapendeza. Kwenye rafu iliyobeba vitu vizito, hapana. Kama unataka gogo lenye ganda lake, tafuta lililokatwa wakati mti umepumzika, kwa kuwa ganda la mti uliokatwa ukiwa katikati ya kukua hubanduka kwa urahisi zaidi.

5. Maua mabichi

Ni mazuri kuliko vyote hapo juu na yanaisha haraka kuliko vyote. Ndiyo maana yako nafasi ya tano: yawe ya siku maalumu, na kila mara chagua yaliyo kwenye msimu wake. Krisanthemamu hukaa hata wiki mbili kwenye vasi, waridi kwa kawaida kama wiki moja. Kwa waridi, bana taratibu sehemu ya chini ya kichwa, pale petali zinapoanzia. Likiwa gumu, ni jipya. Likiwa na ulaini, limeshakaa dukani. Nyumbani kata shina kwa kisu kikali, ondoa majani yote yatakayozama, badilisha maji kila baada ya siku mbili, na usiweke vasi karibu na matunda yanayoiva kwa sababu gesi ya ethilini inayotoka kwenye matunda huyazeesha maua. Mwenye paka asiingize yungiyungi aina ya Lilium ndani: hata chavua yake iliyodondoka kwenye manyoya yakalambwa inaweza kumuua paka.

6. Mawe

Hayana matatizo mengi. Kumbuka tu kwamba marumaru na mawe ya chokaa huliwa na tindikali, kwa hiyo tone la ndimu au siki huacha doa lisilofutika kwa sabuni.

7. Kombe za baharini na matumbawe

Nimeziweka mwisho makusudi. Kombe linalong'aa lote, lisilo na mchubuko wala kipele, mara nyingi lilitolewa baharini likiwa na mnyama hai ndani. Lililosukumwa ufukweni na mawimbi huwa limechakaa. Isitoshe, Mkataba wa CITES, uliosainiwa mwaka 1973 na kuanza kutumika mwaka 1975, unadhibiti biashara ya kimataifa ya matumbawe magumu, kombe kubwa za tridakna, konokono mkubwa wa Karibi na, tangu uamuzi wa mwaka 2016, nautilasi, mnyama wa baharini mwenye kombe lililojiviringisha. Ukinunua kombe au tumbawe safarini na kuvuka mpaka bila kibali, forodha inaweza kulichukua. Kama una vipande ulivyorithi, endelea navyo, vioshe kwa maji matamu na uvipanguse kwa brashi laini. Vipya, viache dukani.